Siku Nilipoonyesha Makaburi

Mimi huuza mashamba na nyumba kwa video. Sina gari lenye maandishi ubavuni wala ofisi ya vioo. Nina simu mbili, kijiti cha kuishikia moja, gambuti za kuvukia matope, na mdomo. Mdomo ndio mtaji. Watu wengi wanaonunua ardhi Kakamega siku hizi hawapo Kakamega. Wako Doha, wako Riyadh, wako Marekani wakiwaogesha wazee wa watu, na shamba wanalitazama kiganjani wakati wa mapumziko ya kazi. Mimi ndiye macho yao. Sijawahi kumwibia mtu, na nalisema mapema kwa sababu kazi hii ina jina baya, nami hasira yangu huwa karibu mtu akinichanganya na matapeli.

Nina sheria zangu. Video hupigwa asubuhi, maana mvua ya Kakamega ya saa nane haina adabu. Ikianza kugonga mabati hakuna mtazamaji atakayesikia neno. Anza na lami, kwa sababu mtu akiwa mbali swali lake la kwanza ni barabara. Ukisema "dakika tano kutoka lami," hizo ni dakika za pikipiki isiyobeba mtu, na kila mmoja anajua, kama anavyojua kwamba anayesema "niko njiani" bado anaoga. Onyesha mawe ya mpaka, onyesha kisima, onyesha nguzo ya stima. Choo cha jirani kilichoinama kiache kijiinamie peke yake. Na sheria iliyo juu ya zote: kaburi haliingii kwenye video.

Kwetu watu huzikwa nyumbani, mbele ya nyumba zao. Boma lisilo na kaburi ni la watu waliohamia juzi. Sasa mnunuzi akiona kaburi haoni tena ardhi, anaona watu. Anajiuliza ni nani atakuja Desemba kulia uani kwake, na nani atasema siku moja kwamba marehemu hakuridhia. Kwa hiyo nikifika penye kaburi mkono wangu hugeuka wenyewe kuelekea migomba. Simfichi mtu. Namwambia kwa mdomo, kabla hajalipa, ila baada ya kupapenda. Mtu akishapenda husikia habari ya kaburi kwa sikio jingine.

Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka sita hivi kaka yangu mkubwa aliponipigia simu kutoka Nairobi. Tulizaliwa watatu: yeye, mimi, na ndugu yetu mdogo anayefanya kazi Eldoret. Mama alikuwa amekufa mwaka wa tatu huo, baba kabla yake sana. Nyumba yao, kule karibu na Iguhu, ilikuwa imefungwa tangu matanga yalipokwisha, na ufunguo ulikuwa kwa mama mmoja jirani aliyekuwa rafiki yake mama.

"Dada, hiyo nyumba inaanguka tu," kaka akasema. "Nani atakaa huko? Mimi niko huku, huyu yuko Eldoret, wewe uko kwako. Tumeongea, tumeona tuuze."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Sasa si wewe ndiye mjuaji wa video? Itoe. Ikitoka kwa mkono wako itaenda haraka."

Nikasema sawa. Mimi, ambaye nikibishana bei na dalali mwenzangu nasikika hadi soko la Lubao, nilisema sawa kama mtoto aliyetumwa chumvi. Niseme nini kingine? Kwa sheria za serikali ningeweza kudai fungu langu, najua, maana huwa nawaeleza wateja. Lakini mirathi ya baba ilipopelekwa mahakamani, karatasi iliwekwa mbele yangu ya kusema kwamba mimi binti sidai kitu, na nikatia sahihi kabla chai haijapoa. Binti aliyeolewa kwetu hutia sahihi. Hakuna anayekulazimisha, wala hakuna anayekuuliza. Mume wangu ni mtu wa Lugari na huko ndiko kunakohesabiwa kuwa kwetu, ingawa tunaishi kwa nyumba ya kupanga hapa Lurambi na huko Lugari naenda Krismasi kupika.

Lakini sikutaka nyumba ya mama iuzwe. Nataka msomaji alijue hilo waziwazi, kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka hapo. Nilikuwa nikienda pale kila mara kazi iliponipeleka upande wa Ikolomani, hata kama ilikuwa kuzunguka. Nachukua ufunguo, nafungua jiko, nakaa kwenye kigoda. Sifanyi lolote. Jiko lile lilikuwa la udongo, limejitenga na nyumba, mafiga matatu katikati na masizi yaliyoning'inia darini kama nyuzi. Mama alikuwa akiniita humo nikiwa msichana, siku za wageni, kuku akiwa ameiva. Firigisi, kama kila mtu wa kwetu ajuavyo, ni ya baba mwenye nyumba, na zamani za bibi zangu mwanamke hakuonja ingokho, yaani kuku, kabisa. Mama alikuwa akiikata firigisi vipande viwili, ananitia kimoja mdomoni kikiwa bado cha moto, na kusema, "Tafuna haraka, na usicheke." Kisha anapeleka nusu iliyobaki sebuleni akilalamika kwamba kuku wa siku hizi wamekuwa wadogo. Baba sidhani hakujua. Nilipokuwa nikikaa kwenye kigoda kile nilimtamani mama hadi mbavu zikauma, na sijui namna nyingine ya kulisema.

Basi nikatafuta njia ya kuwatii kaka zangu bila kuwatii. Nikaipata upesi, maana mwizi wa kuku humjua mbwa wa kila boma. Ningepiga video mbaya. Ningevunja sheria zangu zote moja baada ya nyingine, nyumba ikae mtandaoni ikikosa mtu mpaka ndugu zangu wachoke, na mimi niendelee kuchukua ufunguo.

Nilikwenda mchana, mawingu yakiwa yameshajaa. Yule mama jirani alinikuta langoni na ufunguo.

"Mwanangu, si wewe hukujanga asubuhi na hizo picha zako? Mvua hiyo inakuja."

"Leo nataka mvua, mama."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema, "leo utapata."

Sikuanza na lami. Nilianza na njia yenyewe, ile inayoshika kiatu na kukivua. Nikaonyesha lango lililolegea, lililofungwa kwa kipande cha nguo. Nikaingia ndani, nikaonyesha ukuta uliopasuka kuanzia dirishani hadi sakafuni, nikauweka mkono ndani ya ufa ili upana wake uonekane. Nikaenda jikoni, nikainua simu kwenye masizi. Halafu nikatoka nikasimama mbele ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuugeuza mkono. Baba kulia, mama kushoto kwake, simenti ya mama ikiwa bado nyeupe kuliko ya baba. Mvua ikaanza hapo. Niliiacha simu ikitazama.

Nilikuwa nimepanga kutosema kitu. Lakini mdomo uliozoea kuuza haujui kukaa kimya mbele ya kamera, na nikajisikia nikisema, "Huyu ni mama." Nikaendelea. Nikasema habari ya firigisi. Nikasema alivyokuwa haingii kulala mtoto wake yeyote akiwa bado barabarani, na alivyokuwa akipika obusuma, ugali wetu, ya mtu mmoja zaidi kila siku, kwa mtu asiyemjua ambaye huenda akapita, na mara nyingi kweli alipita. Sauti yangu ilikuwa inashindana na mabati. Sikutaja bei, sikutaja ukubwa wa shamba. Niliitoa vile vile jioni hiyo, bila muziki, bila kukata popote, nikaandika chini yake: nyumba na shamba, Iguhu, makaburi mawili.

Kaka alipiga simu kesho yake. "Dada, hiyo ni nini? Mbona umeweka makaburi?"

"Watu siku hizi wanataka ukweli," nikamjibu.

"Ukweli gani wa kufukuza wateja?"

"Nani mjuaji wa video hapa, mimi ama wewe?" Akakata simu, na mimi nikafurahi kwa ujanja wangu.

Furaha hiyo haikufika Jumapili. Video zangu nzuri, zenye lami na nguzo za stima, hutazamwa na watu wa kutosha kunilisha. Hii ilikimbia. Kila nilipofungua simu ilikuwa imeenda mbali zaidi. Watu waliandika kutoka kila pahali: hilo jiko ni la mama yangu kabisa, mimi niko Jeddah nimelilia bafuni ili tajiri wangu asinione, firigisi nami nilipewanga, sikujua wengine walipewa. Mmoja aliandika tu, "Mvua." Hawa ndio watu niliokuwa nimewatongoza miaka sita kwa lami na visima, kumbe walikuwa wakingoja mtu awaonyeshe masizi. Niliwasoma wote nikilia na kucheka, na kwa siku mbili tatu nilisahau kabisa kwamba lile lilikuwa tangazo la biashara.

Kisha simu za wanunuzi zikaanza. Wengi niliwavunja moyo bila taabu. Aliyetaka kujenga vyumba vya kupangisha nilimwambia habari ya barabara, akaaga. Mmoja hakuvunjika. Alikuwa mama wa umri wangu, mzaliwa wa kule mbele ya Lubao, anayefanya kazi za nyumba Uarabuni. Alinipigia simu ya video akiwa amekaa sakafuni kwenye chumba kidogo, nguo za watoto wa watu zimeanikwa nyuma yake.

"Dada, ile nyumba ya Iguhu bado iko?"

"Iko. Lakini nikuambie ukweli, ni mzee. Umeona ukuta."

"Nimeona."

"Barabara ni matope."

"Matope naijua. Nimezaliwa ndani yake."

Nikatoa silaha yangu. "Na kuna makaburi mbili mbele ya mlango."

"Hiyo ndio imefanya nipige," akasema.

Nikaketi vizuri. Akanieleza polepole, kama mtu aliyekuwa amelipanga jambo hilo miaka mingi na kukosa wa kumwambia.

"Mimi sikuolewa. Niko na watoto wawili, mama yangu ndiye anakaa nao. Nikikufa leo, nyumbani watanizika huko nyuma karibu na ua, si mbele ya nyumba ya baba. Unajua vile sisi hufanyianga wasichana wetu."

"Najua."

"Basi nataka pahali pangu. Lakini shamba tupu naogopa. Siku yangu ikifika nilale huko peke yangu, kama mtu amepotea? Hapo kuna mama tayari. Vile ulisema juu yake, alipikanga chakula ya mtu hajui. Huyo mama atanikubali."

Ningeweza kusema imeshauzwa. Neno moja tu. Kila siku mashamba huuzwa, asingejua. Nilifungua mdomo nikalitafuta hilo neno, na mama yule alikuwa ameinamia simu karibu sana, uso wake umejaa kioo chote, akingoja. Sikulipata. Nikampa namba ya kaka yangu mkubwa, nikakata simu, nikaingia kuosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Ndugu zangu hawakuamini bahati yao. Mambo ya bodi ya ardhi na wakili wa hapa mjini yalikwenda kwa urahisi ambao wateja wangu wengine hawajawahi kuuona, na kila kikwazo nilichokitarajia kilijiondoa chenyewe. Yule mama aliomba likizo akaja. Sahihi zikatiwa. Siku iliyofuata tukakutana pale nyumbani, sisi watatu, yeye, na mama jirani, kwa sababu nyumba yenye wafu haiachwi hivi hivi. Walio ardhini lazima waambiwe.

Aliyewaambia ni mama jirani. Alisimama kati ya makaburi mawili, akasema nao kwa lugha yetu bila kuinua sauti, kama anayeongea na watu waliokaa. Alimwambia baba kwamba wanawe wamepata makao mbali, asiwawekee kinyongo. Akamgeukia mama. Alimwambia kwamba huyu aliyekuja hana mtu wake hapa Iguhu, na amesikia habari zake akiwa ng'ambo, amempenda. "Mpokee," akasema. "Wewe hukuwahi kukataa mtu." Yule mama mgeni alipiga magoti akaigusa simenti ya mama kwa viganja viwili. Nilimwonea wivu, na nilimpenda, vyote pamoja. Sikuwahi kufikiri kwamba vyaweza kukaa moyoni mwa mtu mmoja saa moja.

Kisha akapewa ufunguo, akaingia ndani. Sisi watatu tukaanza kushuka kuelekea gari la kaka. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi. Hatua chache tu nikashindwa, nikalia kwa sauti pale njiani kama siku ya mazishi. Ndugu yangu mdogo alinishika bega. Kaka mkubwa akasimama, akakunja uso. Hakuwa amekasirika, hakuelewa tu.

"Sasa dada unalia nini, na ni wewe umeuza?"

"Ninyi ndio mlitaka niuze."

"Tulikuuliza, ukasema sawa." Akanisogelea. "Kwani ulikuwa unaitaka?"

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimenunua ploti hapa Lurambi, kwa akiba yangu mwenyewe, ya kujenga vyumba vya kupangisha. Niliitafuta, nikaikagua, nikamkaba muuzaji hadi akapunguza. Hakuna mtu kwenye biashara hii anayejua kununua kunishinda. Nimewauzia wanawake mashamba hata siwakumbuki wote. Mwisho wa kila video huwaambia, mama, nunua chako, usingoje kupewa. Na nyumba ya mama ilipowekwa sokoni, nikapewa mimi niiuze, nilipanga hila, nikanyeshewa, nikavunja sheria zangu zote ili asipatikane mnunuzi, na katika siku zote hizo halikunijia hata mara moja wazo la kuuliza bei. Nilijua kwamba binti hapewi. Kwamba angeweza kununua, hilo nilikuwa nikiwafundisha wengine.

"Si ungesema tu?" kaka akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kulegea. "Tungekuuzia. Hata tungekupunguzia. Afadhali wewe kuliko mtu hatujui. Sisi tulidhani wewe huko kwako kunakutosha."

"Niliitaka," nikasema.

Lilikuwa neno fupi, na nilikuwa na umri wa miaka arubaini na mitatu nikilisema kwa mara ya kwanza mbele ya ndugu zangu. Nyuma yetu mwenye nyumba alikuwa ameanza kufungua madirisha ya chumba cha mama. Yalikuwa yameshikwa na kutu, yanahitaji kuinuliwa kidogo kabla ya kusukumwa, na tulimsikia akiyagonga kwa kiganja. Nilijua yanavyofunguliwa. Nilisimama pale njiani nikimsikiliza mpaka akaweza mwenyewe.